Jina la Ubavuni mwa Boti Yetu

Mpendwa mpwa wangu Domitila,

Mkoa huu wa Kigoma una nguzo mbili zinazoushikilia usitumbukie ziwani. Ya kwanza ni reli. Ya pili ni mimi mjomba wako. Reli ikilala siku mbili watu huvumilia, lakini mimi nikilala siku mbili na homa Ujiji nzima husimama. Akina mama hawajui mizigo yao ya Kagunga ipande wapi, na hata mawimbi, nimeambiwa na watu wa kuaminika, huja mpaka juu mchangani kuuliza Gervas yuko wapi. Sikuelezi haya kwa kujisifu. Nakukumbusha tu unaandikiwa na nani.

Wiki hii umenipigia simu kutoka huko Singida mara tatu. Mara zote swali lilikuwa moja: "Mjomba, umeamua nini kuhusu boti?" Na mara zote nilikujibu kwa hadithi mpaka salio lako likaisha. Simu ina ubaya huo. Mdomo wangu ukishajua kuna mtu anasikiliza, unakwenda wenyewe kama boti iliyokatika kamba. Kalamu ni nzito, inanipa nafasi ya kufikiri kabla sijaongeza chumvi. Basi nimekaa hapa mwaloni, ufukweni boti zinaposhusha mizigo, juu ya kreti ya soda, daftari liko gotini, nakuandikia. Nikimaliza, mke wangu, Mama Rehema, ataisoma kwa sauti mbele ya watu wote, maana shauri hili sasa si langu peke yangu. Kila anayeshusha mzigo hapa ana maoni yake, na wengine wamefikia hatua ya kunipa maoni wakiwa wamebeba gunia kichwani.

Shauri lenyewe nalieleza ili hata asiyetujua aelewe. Jumamosi ya pili baada ya Pasaka unaolewa Kagunga, kijiji cha mpakani huko kaskazini, kwa Elias, yule tabibu wa zahanati. Mama yako, dada yangu Skolastika, Mungu amlaze pema, alituachia wewe ukiwa na miaka tisa, na baba yako alikuwa ametangulia. Kwa hiyo wa kukuvusha na kukukabidhi kwa wakwe ni mimi. Kagunga kwa barabara ni kutafuta magonjwa ya mgongo, watu huenda kwa maji. Na boti ninayo, yangu mwenyewe, yenye jina kubwa la Kiingereza ubavuni: OBSTACLE. Sasa mama mkwe wako amesema hutapanda boti yenye jina hilo siku ya harusi yako. Ama jina lifutwe, ama upelekwe na boti ya mtu mwingine, na mimi nikupungie mkono kutoka mchangani kama mpita njia.

Unakumbuka siku ya jina? Mimi naikumbuka kuliko siku yangu ya kipaimara. Ulikuwa kidato cha pili, umekuja likizo ya Desemba, miguu imekuwa mirefu kama ya korongo. Boti ndiyo kwanza imetoka kwa mafundi, inanuka mbao na lami. Kila boti mwaloni ilikuwa na jina lake. Kulikuwa na SUBIRA, kulikuwa na TUNASHUKURU, kulikuwa na MTASEMA SANA. Na wewe, mtoto wa mwalo, ulijua kwamba jina la boti hapa kwetu ni jibu. Kila boti inamjibu mtu. Mwenye MTASEMA SANA alikuwa anawajibu mashemeji zake, na walijua, na walipanda hivyo hivyo.

Mimi nilitaka jibu la Kiingereza, ili hasidi alisome, asielewe, akaulize, ndipo aumie. Nikakuketisha juu ya beseni lililofunikwa, na ile kamusi yako isiyo na jalada. Nikakwambia, nitafutie neno lenye uzito.

"'Ocean', mjomba?"

"Hilo la watu wa Dar. Sisi maji yetu yananyweka."

"'Opportunity'?"

"Refu mno. Rangi haitoshi."

Ukageuza ukurasa nyuma kidogo. "'Obstacle'."

Nikasimama. "Rudia."

"Obstacle. Ila hili si zuri, mjomba. Ni kizuizi. Kikwazo. Kitu kinachokuwekea mguu usifike unakokwenda."

"Hilo hilo!"

"Mjomba!"

"Mimi ni kizuizi cha mahasidi. Andika."

"Na abiria je? Mtu atapandaje kwenye kizuizi?"

"Abiria atakuwa ndani. Kizuizi humzuia aliye nje. Ukuta wa nyumba si kizuizi? Mbona unalala humo na unaota?"

Ukafunga kamusi. Siku hizi wewe ni mwalimu wa Kiingereza, una chaki na vitabu, lakini nasema mbele ya watu kwamba siku ile nilikufunga bao. Darasa la sita nilimaliza. La saba niliwaachia wenyewe, baada ya kuona walimu hawana jipya la kunipa.

Ukaandika. Rangi ya bluu iliyobaki tulipopaka madirisha yetu, na brashi iliyokuwa imenyonyoka kama mkia wa mbwa mzee. Ubavu wa kushoto ulianzia puani mwa boti, ukaja nao nyuma herufi moja moja, ulimi umeutoa nje kidogo. Ulipohamia ubavu wa kulia ukakwama. Ukasimama maji yamefika magotini ukauliza, "Mjomba, mbona upande huu nikitaka liishie puani, lazima nianzie huku nyuma?" Nikakujibu kwamba boti yenye akili jina lake hukimbilia mbele upande mmoja, na upande wa pili hubaki kulinda mzigo. Ukacheka mpaka ukateleza, ukajishika kwenye mbao kwa mkono wenye rangi. Alama ya kiganja chako ikabaki pale ndani ya O ya upande wa kulia. Nikakuzuia usiifute.

Na neno likaanza kazi. Hapa mwaloni nikaacha kuitwa Gervas, nikawa Mzee Obstako. Watoto wakaniimbia. Abiria wakawa wanaulizana, "Umekuja na nini?" "Nimekuja na Obstako." Mashine ikizima katikati ya maji, wanacheka: "Obstako imekutana na obstako mwenzake." Nahodha wangu Sudi, mtu wa hapa hapa Ujiji, asiyecheka ovyo, alisema boti hii haiwezi kuibwa, maana mwizi akiulizwa ameiba nini, ataona aibu kujibu. Kuna afisa mmoja aliletwa kutoka mbali huko kukagua jaketi okozi. Alisoma ubavu, akanitazama, akasoma tena. "Mzee, unajua maana ya neno hili?" Nikamwambia, "Najua. Wewe unalijua, au unataka nikufundishe?" Akacheka. Akahesabu jaketi zote hata hivyo, moja moja.

Lakini unakumbuka ile sentensi? Ulikuwa umerudi shule Tabora, mkaambiwa mtunge sentensi kwa maneno magumu. Wewe ukaandika, kwa Kiingereza chako kizuri, kwamba mjomba wangu ana kizuizi, na kizuizi hicho ndicho kilichonileta shuleni. Mwalimu akaweka mkasi mwekundu, ile alama ya kukosa. Akaandika pembeni kwamba kizuizi hakimpeleki mtu popote. Ulipokuja likizo ukanionyesha daftari, uso umekunjamana kama umemeza ndimu.

"Nimekosa, mjomba. Matumizi si hayo."

Nikakwambia, "Mwambie mwalimu aje Ujiji tumpandishe."

Nilisema hivyo kwa kiburi, lakini ile sentensi nimeibeba. Maana ilikuwa kweli tupu. Kila gunia la sukari lililokwenda Kagunga na kila dumu la mawese lililorudi, ndiyo kalamu zako, ndiyo sare zako, ndiyo tiketi ya treni, ndilo lile sanduku la bati ulilolikalia pale stesheni ukilia kwa kujificha. Mimi nilikuwa nakusimulia habari za wimbi ili usilie. Wimbi lile la ghorofa tatu lililotuvamia kabla ya Kagunga, abiria wote wakapiga magoti, mimi nimeshika usukani kwa mkono mmoja na mkono wa pili nimeshika sufuria ya samaki wa mgebuka isimwagike. Ukafuta machozi, ukanitazama kwa lile jicho la mama yako.

"Mjomba, siku ya wimbi si ulikuwa nyumbani na malaria?"

"Malaria ni ya mwili. Kwa roho nilikuwa ziwani."

Ukacheka, treni ikaondoka. Ndivyo tulivyoagana siku zote mimi na wewe, kwa uongo mmoja na kicheko kimoja.

Sasa tuje kwa mama mkwe wako. Mama Elias alikuja mwenyewe, hakutuma mshenga. Alifika asubuhi, amevaa kitenge cha kutokea, amebeba kuku chini ya kwapa. Akashuka kutoka kwenye boti gani? Kutoka kwenye OBSTACLE, Domitila. Alisafiri na boti yangu kuja kuilalamikia boti yangu, na nauli Sudi hakumtoza kwa sababu ya ukwe.

"Mwakeye, mkwe," akanisalimia kwa Kiha.

"Mwakeye neza, mama. Karibu. Kuku ni wa nini?"

"Kuku ni wa amani. Maneno ninayokuja nayo hayana amani, basi nimeona nilete na kuku."

Mama Rehema akamletea kiti. Akakaa, akaelekeza kidole boti.

"Lile jina. Elias amenitafsiria. Miaka yote hiyo nasafirisha dagaa wangu humo, nilidhani ni jina la mtakatifu."

Watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nikamweleza habari za mahasidi, na ukuta, na aliye ndani na aliye nje. Alinisikiliza mpaka mwisho, ana adabu yule mama. Kisha akasema:

"Mkwe, wewe umelipa jina boti, ni haki yako. Lakini wewe hutashuka nayo Kagunga ukakaa. Atakayeshuka ni binti. Kwetu siku ya harusi kijiji kizima kinajaa mchangani, na macho ya kwanza hayamtazami bibi harusi, yanatazama amekuja na nini. Watasoma. Vijana wa sekondari wapo, watawatafsiria bibi zao. Mwaka wa kwanza ukipita hajashika mimba, watasema, si alikuja na Kizuizi? Mtoto akiugua, si alikuja na Kizuizi? Mvua ikichelewa, hivyo hivyo. Nani atawajibu? Wewe utakuwa huku Ujiji unakunywa chai."

"Watu hawana akili hiyo," nikasema.

"Wanayo. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo kabla sijawa mkwe."

"Basi unataka nini, mama?"

"Lifute. Au binti aletwe na SUBIRA. Hilo jina halina neno."

SUBIRA! Boti ya yule jirani ambaye jina langu lote lilichorwa kumjibu yeye! Hapo nilipandisha sauti, na walionisikia kule sokoni wanasema walidhani ni honi ya meli. Nikasema mpwa wangu hatapanda ubao wa mtu mwingine wakati mimi nina pumzi. Nikasema jina halifutwi. Nikasema hata kuku achukue. Kuku hakumchukua, alikuwa ameshafungwa mguu kwenye kreti.

Alipoondoka nikakaa kwenye kiti alichokiacha. Yule mama alikuwa ameniambia kitu ambacho kamusi yako haikuwa nacho. Mimi nililichagua neno kwa ajili ya adui yangu. Halikumpata. Jirani mwenyewe hajawahi hata kuuliza maana yake, anaishi kwa raha, juzi alinipa embe. Wa kulibeba umebaki wewe.

Nikaenda kwa Sudi. Nikamwambia kesho tunafuta jina. Sudi akaweka kikombe chini.

"Bosi, boti ikivuliwa jina katikati ya maisha yake haikujui tena. Mimi sitaishika. Baba yangu hakuishika ya namna hiyo, na alikufa kitandani."

Nikaenda kwa yule afisa wa ukaguzi. Akasema kubadilisha jina kuna fomu, na ukaguzi upya, na kusubiri, na Pasaka ndiyo hiyo inakuja. Ila akaniambia kwa upole, kwenye karatasi zake boti itabaki OBSTACLE, na kingine nitakachoandika ubavuni kitakuwa mapambo yangu, mradi namba ya usajili ionekane.

Nikasema basi, mimi sifuati ushirikina wa Sudi. Jumatatu nikachukua msasa, nikaenda boti ikiwa imevutwa juu mchangani. Nikaanza na ubavu wa kulia, kwenye O, nikasugua. Rangi yako ya bluu ikatoka unga, ikaniingia puani. Nikasugua tena, nikafika kwenye kile kiganja. Kidogo, Domitila. Nilikuwa nimesahau kwamba mkono wako uliwahi kuwa mdogo hivyo. Kidole gumba kimepinda nje, kama cha Skolastika. Nikauweka mkono wangu juu yake, ukafunika wote ukapotea. Wavuvi walikuwa wanakunja nyavu pale jirani, mmoja akaniita, "Mzee Obstako, vipi, unapima homa ya boti?" Nikamwambia akunje nyavu zake. Nikautia msasa mfukoni nikaenda nyumbani.

Wazo la kutatua jambo hili lilikuwa langu, ingawa Mama Rehema ndiye aliyelisema kwanza. Alikuwa anasonga ugali wa muhogo, hakunitazama hata.

"Kwa nini unafuta? Nafasi ipo. Ongeza."

"Niongeze nini?"

"Unaongezaga maneno kila siku bila kuambiwa, leo ndiyo umekosa neno?"

Kesho yake nikanunua kopo la rangi ya bluu. Si ile ile, hii imekoza kidogo, utaiona. Nikaandika mwenyewe, kwa mkono wangu, HAKUNA. Na hapo ndipo nilipokumbuka swali lako la siku ile ukiwa umesimama majini. Ubavu wa kulia, jina lako linaishia puani, nafasi iko kabla yake, huko nyuma. Basi pale pamesomeka vizuri: HAKUNA OBSTACLE. Lakini ubavu wa kushoto jina linaanzia puani kabisa, mbele yake ni maji matupu. Nafasi iko baada yake. Pale imekuwa: OBSTACLE HAKUNA. Watu wakaanza kubishana mwaloni upi ni upande sahihi. Nikawaambia hii ndiyo boti pekee katika ziwa zima inayosema jambo lake mara mbili, kwenda na kurudi, na halibadiliki. Hata meli kubwa haina hilo.

Sudi aliizunguka boti, akasoma pande zote mbili. Akasema, "Jina lake inalo. Limevalishwa shati tu. Nitaishika." Na Mama Elias alipelekewa picha. Jibu lake Sudi amerudi nalo jana: "Mwambie mkwe nimeridhika, namngoja. Ila HAKUNA yake imeandikwa vibaya, mtoto aliandika vizuri zaidi." Hilo la mwisho mnaweza kulipuuza. Upepo ulikuwa unavuma.

Basi swali lako la simu tatu nimelijibu. Utapanda boti yako, mwanangu. SUBIRA hupandi.

Na huko darasani kwako, wakikuuliza wanafunzi maana ya neno hili, waeleze kama kamusi inavyosema, maana mtihani ni mtihani. Lakini baada ya hapo funga kitabu, waambie habari za mjomba wako. Waambie mtu akitaja kizuizi, waulize kwanza: cha nani? Jabali lililotoka majini pale karibu na mwalo ni kizuizi kwa nahodha, na ndilo hilo hilo akina mama wanaanikia nguo. Elias, Mungu ambariki, alipokuja kuleta posa mimi nilimwona ni kizuizi, nakueleza kweli. Nilimweka juani muda mrefu, nikamsimulia habari za wimbi mara mbili. Alisikiliza zote mbili, na ya pili akashtuka pale pale pa kushtukia. Nikasema huyu atafaa.

Nakuona ukishuka treni Kigoma na mabegi yako. Nakuona umevaa nguo ile nyeupe, umekaa katikati ya boti juu ya mkeka mpya, ngoma mbele, akina mama wanapiga vigelegele, nami nimekaa karibu yako nimevaa koti. Skolastika angekuwepo angenitania kuhusu koti. Tangu afe, Domitila, kila nilipokuona umefika mahali nilikuwa namwambia kimoyomoyo, dada, huyo amefika. Tabora amefika. Chuo amefika. Siku hiyo nitamwambia, dada, Kagunga amefika, na safari hii nimemleta mwenyewe.

Hapo ndipo Mama Rehema alipoishia kusoma, na watu wamepiga makofi, na yule jirani mwenye SUBIRA amepiga makofi zaidi ya wote.

Kinachofuata nimekiongeza baada ya watu kutawanyika, na bahasha nitaifunga kwa gundi mwenyewe. Wewe mwalimu mwenye macho, huenda umeshakiona.

Mpwa wangu, mimi sijawahi kufika Kagunga. Miaka yote ya boti hii nimeisukuma ikaelea, nikabaki mchangani nikipunga. Ulidhani nina shughuli. Nilipanda mara moja tu, safari ya kwanza kabisa, na hatukuwa hata tumeipita bandari ya Kigoma tumbo likanigeukia. Sudi alinirudisha nimejikunja juu ya ndoo kama mjamzito, na mpaka leo hajamwambia mtu, ndiyo maana sijawahi kumfukuza. Wimbi la ghorofa tatu nililisikia kwa abiria. Na Mama Elias aliposema uende na SUBIRA, nilipiga kelele kama ulivyosoma, lakini ndani yangu sauti ndogo ilisema: asante, mama. Ndiyo maana simu tatu zilipita sina jibu. Sasa jibu ninalo na ninakuja, na nimeshaandaa ndoo. Nimeifunika kitenge, wakiuliza nitasema ni ya maua. Ila ukipita duka la dawa huko Singida, ninunulie vile vidonge vya kuzuia kutapika, vya mtu mzima, unipe kwa siri kabla hatujapanda.

Ni mimi, wa kukuvusha,
Mjomba wako.